Fundi Bado na Tangi Lake Mwenyewe

Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, hageuki. Mwite Fundi Bado, atageuka na spana yake mkononi.

Jina hilo hakulirithi, alilifanyia kazi. Katika miaka ishirini na sita ya kutengeneza hita za maji, hakuna tangi aliloitiwa akalitangaza kuwa limekufa. Mwenye nyumba anasimama mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni, anauliza, "Fundi, ndiyo basi tena?" Naye amelala chali chini ya tangi, kutu imemdondokea kwenye nyusi, anajibu, "Bado." Tangi linanguruma kama shangazi aliyenyimwa kiti cha mbele? Bado. Maji yanatoka rangi ya chai? Bado. Angesomea udaktari, hospitali zingejaa wazee wa miaka mia na arobaini, kila mmoja amefungwa kipande cha mpira wa baiskeli mahali fulani.

Lakini usimdharau. Fundi Bado alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo haukuwahi kuvunjwa kwenye nyumba ya mtu.

Kwanza, kabla hajafungua mkoba, aliuliza, "Hapa anayeoga wa mwisho ni nani?" Watu walidhani ni umbea. Haukuwa umbea. Anayeoga wa kwanza hajui lolote kuhusu hita. Yeye anaoga anaimba. Ukweli wa hita anao yule wa mwisho, anayeingia wakati wenzake wamekwisha maliza moto na kumwachia mvuke wa kutazama. Fundi Bado alimtafuta huyo, mara nyingi mama mwenye nyumba, akamhoji kama shahidi mahakamani.

Pili, aliweka mpini wa mwiko kwenye tumbo la tangi na sikio kwenye ncha nyingine, akasikiliza chokaa ikikwaruzana ndani.

Tatu, na hapa ndipo alipokuwa karibu kuwa mhubiri, alikagua fimbo. Ndani ya kila tangi la chuma kuna fimbo ndefu yenye kazi moja tu: kuliwa. Maji yana meno. Yasipopewa fimbo ya kutafuna, yatatafuna tangi lenyewe. Fimbo ikiisha unaweka nyingine, na tangi linaendelea kuishi. Yeye aliiita fimbo ya kafara, na aliwaambia wateja kwamba ndiye mfanyakazi pekee ndani ya nyumba anayeisha polepole kwa ajili ya wengine bila kushukuriwa, ukimwondoa mama. Akina mama walicheka. Akina baba walitazama dari.

Fimbo mpya ilipoingia, alichukua msumari akachora kichwani mwake mwezi na mwaka. Kisha alitoa kalamu nene nyeusi, akaandika tarehe hiyohiyo kwenye tumbo la tangi, na chini yake neno moja: *Nitarudi.* Na alirudi. Kila baada ya miaka miwili, mvua inyeshe jua liwake, Fundi Bado alirudi. Kuna waume mtaani ambao wake zao walitamani wangekuwa na nusu ya tabia hiyo.

Sasa twende nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vyote vya chini, kibaraza chenye viti viwili vya plastiki, na bafu lenye upana wa mtu mmoja na aibu zake. Juu ya ukuta wa bafu, mkabala na dirisha dogo, lilining'inia tangi la lita hamsini. Lilikuwa jeupe siku alipolitundika. Sasa lilikuwa na rangi ya jino la mvuta tumbaku. Mguu mmoja wa kulishikilia ulitoka kwenye hita ya mchungaji, kifuniko cha nyaya kilitoka kwenye hita ya baa, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja kwa amani ambayo wenyewe hawajawahi kuifikia.

Fundi alioga wa kwanza, alfajiri, akiimba. Mke wake alioga wa mwisho. Swali lake maarufu, lile la shahidi, hakuwahi kumuuliza mke wake hata mara moja.

Mke huyo alifanya kazi ya kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya macho, na kitu ambacho hakukiona hakikuwepo. Walioana watu wazima, miaka kumi na miwili nyuma, na alikuwa na jambo moja tu lililomkaa rohoni: mama yake mzazi hajawahi kulala nyumbani kwao. Alikuja, alikunywa chai, alisifu pazia, saa kumi na moja alikuwa amekwisha simama. "Nyumba nimeiacha peke yake," angesema, kana kwamba nyumba inaogopa giza.

Jumatano moja jioni mke alirudi kutoka kazini, akaweka mkoba mezani bila kuvua viatu.

"Mama ametoka hospitali. Goti limefanyiwa kazi vizuri. Lakini miezi mitatu hatakiwi kupanda ngazi."

"Na chumba chake kiko juu," alisema fundi.

"Kiko juu. Halafu daktari amesema, asubuhi na jioni, akae kwenye kigoda, maji ya uvuguvugu yamwagikie goti, alikunje na kulikunjua. Dakika ishirini. Kila siku."

"Kaka yako atakuwa ameshasema aende kwake."

"Ameshasema. Ana vigae, ana hita ya kisasa, ana nini sijui. Mimi ni binti mkubwa, mume wangu. Nimemwomba mama aje hapa. Unajua amesema nini? Amesema atakuja Jumamosi kuona. Maji yakiwa sawa, anakaa miezi yote mitatu. Yasipokuwa sawa, kaka anamchukua Jumapili saa kumi."

Akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika.

"Sitamwomba tena. Miaka kumi na miwili nimeomba, inatosha. Sasa niambie wewe ambaye ni fundi. Maji ya moto yapo?"

"Yapo."

Kutoka bafuni kukasikika: *to.*

Walitazamana.

"Hicho nini?"

"Jasho," alisema fundi. "Tangi linatoa jasho. Joto hili."

*To*, lilisema tangi.

Alhamisi hakwenda kwa wateja. Alizima umeme, akapanda kigoda, akafungua kifuniko cha baa. Chini ya tangi kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezungukwa na kutu inayomeguka kwa ukucha. Alipapasa kwa kidole, na kidole kikatoka na kipande cha tangi. Lingekuwa la mteja, angeitazama kutu ile akajua ilianzia ndani, na angejua kwa nini. Yeye hakuhitaji hata kukisia. Kidole chake kilikwishafika kwenye kizibo.

Mahali ambapo kichwa cha fimbo kilipaswa kuwepo, palikuwa na kizibo cha shaba, kile cha kuzibia bomba lisilo na kazi. Alikifunga mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, kwa muda. Kwa siku moja tu. Kesho angenunua fimbo nyingine. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikaona aibu ikakaa kimya, na Fundi Bado akaendelea kuzunguka mji mzima akihubiri habari za kafara huku tangi lake mwenyewe likiliwa na maji kama mkate.

Mganga hajigangi, watu husema, na husema kwa huruma. Lakini mganga huyu alikuwa amejinyang'anya dawa.

Akafanya alichokijua. Akasugua kutu kwa msasa, akapaka gundi ya chuma, akazungusha mpira wa baiskeli mara nne, akabana kwa mkanda wa chuma. Ijumaa akajaza maji. Halikudondoka. Ili kiraka kisipate taabu, akashusha kirekebisha joto mpaka karibu na mwisho. Kisha akashuka kwenye kigoda, akanawa mikono, akajiambia neno lake.

Jumamosi asubuhi mama mkwe aliingia na fimbo ya kutembelea, mfuko mmoja wa nguo na kasha la miwani ambalo ndani hamkuwa na miwani.

Kabla hajastaafu, mama huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Miaka thelathini aliingia dukani bila kubisha, akaweka jiwe lake la kilo kwenye mizani ya mwenye duka, na kutazama uso wa mwenye duka badala ya mshale. Wauza nyama walifuta mizani wakiona gari lake. Kustaafu kulimtoa ofisini, hakukumtoa kazini. Bado alipima. Alihesabu vijiti vya kiberiti.

"Shikamoo, mama," fundi alisema, akainama kupokea mfuko.

"Marahaba, mkwe wangu. Umenenepa kidogo. Kilo tatu hivi."

"Mbili na nusu, mama."

"Tatu."

Walimkalisha kwenye kigoda bafuni, sketi imekunjwa juu ya goti lenye mshono, binti yake pembeni na taulo. Fundi alisimama ukumbini, mgongo kwa mlango, kwa adabu. Akasikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika, kasha la miwani likifunguka: *ka.*

"Thelathini na nne," ilisema sauti ya mama. "Daktari alisema thelathini na nane. Haya maji yamepeana mkono na moto, basi. Hawakukaa hata kuzungumza."

Fundi alikohoa. Ukumbini kulikuwa na joto, au ni yeye. Na ndipo aliposema jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hasemi mbele ya mkaguzi wa mizani.

"Mama, labda hicho kipimajoto chako ndicho kina kasoro."

Bafuni maji yaliacha kumwagika. Mke wake alichungulia mlangoni, akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga waya ulioanguka, ukingoja kuona kama atasimama.

"Kipimo changu," alisema mama, polepole, "kina kasoro."

"Namaanisha, mama, pengine…"

"Binti yangu, nipe taulo. Mkwe, usiwe na hofu. Sisi kwenye mizani tulikuwa na sheria: hupimi mara moja ukamhukumu mtu. Unapima mara mbili. Nitapima tena kesho asubuhi."

Mchana ule, wakati mama amejilaza na mke yuko jikoni, Fundi Bado alipanda kigoda akapandisha joto. Kiraka alikitazama. Kiraka nacho kilimtazama.

Jumapili, saa tatu na nusu asubuhi, mama mkwe alikuwa sebuleni na chai yake, goti limeegeshwa juu ya mto, akingoja maji yapate moto. Kukasikika mlio mmoja wa kukata tamaa, kama mtu mnene anayekaa, halafu mvua. Maji ya rangi ya chai yalitokea chini ya mlango wa bafu, yakapita ukumbini bila haraka, yakafika kwenye kandambili za mama na kuzizunguka kwa heshima.

Mama aliinua mguu mzima. "Yana moto sasa," alisema.

Mke alifika wa kwanza na matambara. Fundi alikata umeme, akafunga maji, kisha akasimama katikati ya bafu, suruali imelowa mpaka magotini, akitazama mkanda wake wa chuma ukining'inia. Ufa mwembamba sasa ulipitisha vidole vitatu.

Mke hakupiga kelele. Angepiga ingekuwa nafuu. Aliegemea mlango, akasoma maandishi kwenye tumbo la tangi, ya kalamu nyeusi iliyofifia, kwa sauti ileile anayotumia kuwasomea wagonjwa herufi za ukutani.

"Mwezi wa tatu, mwaka ule tuliooana. *Nitarudi.*" Akamgeukia. "Hapa umerudi mara ngapi, fundi?"

Alipomwita fundi, kama mteja, mume alijua mambo yameharibika.

"Nimekuwa nikioga maji ya baridi miaka mitano," mke aliendelea. "Miaka mitano, naoga wa mwisho, nasema labda amechoka, fundi wa watu, atalitazama. Mama anakuja kulala mara moja katika maisha yangu. Mara moja. Sasa niambie na usinidanganye. Limekufa?"

Neno lake lilikuja mpaka kwenye ulimi. Lilikaa pale, likajaribu kutoka. Akalimeza.

"Limekufa," alisema Fundi Bado. Kisha akageuza ndoo, akaikalia. "Na nimeliua mimi."

Akaeleza, akitazama sakafu. Kwamba miezi sita tu baada ya kulitundika alilitoa fimbo. Kwamba ilikuwa fimbo bado nzima, haijaliwa hata robo. Kwamba kulikuwa na mtu siku ile anayehitaji fimbo, maduka yamefungwa, na yeye mkoba wake ulikuwa mtupu na hakuweza kusema "sina". Basi akamwambia mtu huyo anayo mpya nyumbani, akakimbia, akaitoa hii, akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akarudi nayo.

"Mtu gani huyo," aliuliza mke, "wa kumtolea tangi langu?"

Fimbo ya kutembelea ilisikika ukumbini, *ko, ko,* juu ya maji, na mama mkwe akasimama nyuma ya binti yake.

"Mwezi wa tatu," alisema mama.

"Mama, usisimame, sakafu inateleza," alisema mke.

"Fimbo ile ilichorwa mwezi wa tatu. Kichwani. Na wewe, mkwe, ulikuja kwangu mwezi wa tisa. Nilikuuliza, 'Hii ni mpya?' Ukasema, 'Mpya kabisa, mama.'"

Fundi aliinua uso. Alikuwa ameisugua fimbo yote, isipokuwa kichwa. Kichwa alikiacha kwa sababu alipenda mwandiko wake.

"Uliona?"

"Nilikuwa nasoma maandishi ya chini ya mawe ya mizani, wewe unadhani sitaona hilo? Niliona. Nikasema moyoni, huyu ameoa binti yangu juzi na leo ananipunja. Ameniletea mtumba akauita mpya. Lakini nimepima mara moja tu. Nikanyamaza, nikangoja ya pili."

"Kumbe ndiyo maana," alisema mke taratibu. "Ndiyo maana ulikuwa hulali hapa."

"Sikutaka kulala kwenye nyumba ya mpunjaji. Lakini huyu mtu alinisumbua." Alimnyooshea fundi fimbo yake. "Miaka miwili ikapita, akarudi. Nikamwambia, lete nione kichwa chake. Tarehe sahihi. Miwili mingine, sahihi. Kila mara sahihi! Nikawa nakosa usingizi. Nimekamata wezi wa kila aina, sijawahi kuona anayeiba mara moja tu, kwa mama mkwe, halafu akaokoka."

Fundi alikuwa amedhani, miaka yote hiyo, kwamba mama anapenda ufundi wake. Kila alipoambiwa "lete nione kichwa" alikuwa akikifuta kwa shati kwanza.

"Sikukupunja, mama. Nilikudanganya. Haikuwa mpya. Ilikuwa yangu."

Mama aliyatazama maji sakafuni, halafu tangi lililopasuka, halafu mkwe wake aliyekaa juu ya ndoo. Uso wake haukubadilika sana. Mizani nzuri haichezi ovyo. Lakini kona moja ya mdomo ilisogea.

"Basi tangi langu limeishi kwa kula lako," alisema. "Mpumbavu wewe. Ungesema 'sina'. Ningekusubiri mpaka kesho."

"Niliogopa, mama."

"Ulifanya vizuri kuogopa." Akatazama saa yake ya mkononi. "Saa nne kasoro. Kijana wangu anafika saa kumi. Mimi neno langu sijalibadilisha: maji yakiwa sawa, nakaa. Mnangoja nini?"

Duka la hita lilikuwa wazi Jumapili, maana dhambi na biashara hazina mapumziko. Muuzaji, kijana mwenye tai fupi, alimtambua fundi akatabasamu kama fisi aliyeona msafara wa vilema. Miaka mingi Fundi Bado alikuwa amemnyima wateja.

"Leo umekuja kutubu!"

"Nimekuja kununua."

"Ni kitu kilekile. Tazama hii, mzee wangu. Hii ina akili. Inazungumza na simu yako. Ukiwa kazini inakwambia maji yako yana joto gani."

"Nikiwa kazini niko chini ya tangi la mtu mwingine," alisema fundi. "Nionyeshe inayochemsha maji. Akili tunayo nyumbani, huyu hapa mke wangu."

Mke aligusa kisanduku chembamba cha ukutani. "Hii si kama ya kaka? Haina tangi, haipasuki."

"Hiyo inachemsha maji yakipita, haitunzi. Inataka maji yenye nguvu na nyaya nene kama kidole. Kwetu maji yanakuja kwa huruma, na nyaya zetu ni za enzi za babu. Mama atakuwa amekaa vizuri, wewe unafungua bomba jikoni uoshe kikombe, yeye goti linapigwa na barafu. Waulize kwa kaka yako kwa nini wanaoga kwa kupiga kelele."

"Na ya jua?"

"Nzuri. Ningekuwa na wiki moja na paa imara. Nina saa tano na paa unalijua."

Alizunguka kati ya matangi akiyagonga kwa kifundo cha kidole. Halafu akasimama, akamgeukia mke wake, akamuuliza kwa mara ya kwanza katika ndoa yao:

"Wewe unayeoga wa mwisho. Unahitaji maji kiasi gani?"

Mke alimkazia macho. Muuzaji alidhani watalia au watapigana, akarudi hatua moja.

"Ndoo mbili kubwa," alisema mke. "Na nusu, nikiosha nywele. Yenye moto kweli, si ya kusalimia."

"Ndoo zako mbili na nusu, goti la mama asubuhi na jioni, mimi najimwagia ndoo moja." Alifumba jicho moja. "Lita hamsini zilikuwa uongo tangu mwanzo. Tunachukua themanini. Lakini si hiyo, fimbo yake inatokea juu, itabidi kulishusha tangi zima kila ukitaka kuibadilisha, na mtu atakuja kusema kesho. Nataka hii, fimbo inatoka chini. Unafungua, unachungulia, unafunga. Hata mvivu anaweza."

"Hata fundi," alisema mke.

Kabla hawajatoka, Fundi Bado alinunua na fimbo mbili za akiba. Muuzaji alimuuliza za nini, tangi jipya linayo yake.

"Za kuwa nazo," alisema.

Walipofika nyumbani walimkuta shemeji amekwisha fika, saa nane, saa mbili kabla ya wakati, suruali nyeupe, funguo za gari zikizunguka kidoleni. Alikuwa amenusa ushindi.

"Shemeji! Naona mna bwawa la kuogelea sasa. Mama, mizigo iko wapi?"

"Saa kumi," alisema mama kutoka sebuleni. "Sasa ni saa nane. Wewe tangu mdogo hujui saa. Una mikono?"

"Ninayo, mama."

"Basi kashike tangi."

Hakuna aliyemlazimisha kuvaa nyeupe. Tangi la zamani lilimpakaza kutu kuanzia kifuani hadi mapajani wakilitoa uani, na lile jipya likamkalia mabegani dakika kumi nzima wakati fundi anakaza boliti, maana ukuta ulikuwa mwepesi na fundi alizipitisha hadi upande wa pili na kuzikamata kwa vipande vya chuma.

"Kaza haraka, shemeji, nakufa!"

"Bado kidogo."

"Kwangu mimi hita ilitundikwa na mtu mmoja!"

"Ndiyo maana imepinda. Niliiona Desemba. Sogea kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa tangi!"

Sebuleni mama na binti walikuwa wakicheka kwa mikono mdomoni, na mke, katikati ya kicheko, akapangusa macho kwa kona ya kanga.

Ilipofika saa tisa kasoro robo maji yalikuwa ndani, umeme umewaka, hakuna kilichodondoka. Saa nzima hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na Fundi Bado aliungoja moto ule kama mtu anayengoja majibu ya mtihani ambao aliwahi kuibia. Alifuta bafu mara tatu. Hakuna aliyemwambia afute.

Saa kumi kasoro kumi mama alinyanyuka. *Ko, ko,* mpaka kwenye kigoda. Kabla hajakaa aliinua uso kutazama tumbo jeupe la tangi.

"Hujaandika."

Fundi alitoa kalamu, akapanda, akaandika tarehe na neno lake. Mama alisoma.

"Leo ni tarehe kumi na nane. Umeandika kumi na saba."

Akafuta kwa mkono wa shati, akaandika upya. Kisha akatoka na kusimama ukumbini, mgongo kwa mlango. Bomba likafunguliwa. Maji yakamwagika kwa muda mrefu. *Ka*, likasema kasha la miwani. Fundi alitazama msumari ukutani ambao hajawahi kuuona, akauhesabu: mmoja.

Uani shemeji alikuwa ameshindwa kuitoa kutu kwenye suruali, sasa anapiga honi.

"Mama! Saa kumi hiyo! Uko tayari twende?"

Kutoka bafuni, juu ya sauti ya maji, goti likikunjwa na kukunjuliwa, ilitoka sauti ya mkaguzi wa mizani, bila haraka yoyote:

"Bado."